Zaka yako umpe nani kwanza: sheria ya Kiyahudi ukiwa hapa Arusha

Mwisho wa mwezi meseji zinajaa, shangazi wa Usa River anataka ada ya mtoto, kituo cha yatima Ngaramtoni wanachangisha, kuna na shirika la nje huko, na hela ni ileile. Sisi Wayahudi hapa Arusha tuko wachache ila hili swali kila mtu analo.

Anza kwa kutenga fungu, moja ya kumi ya kipato, mwenye uwezo mpaka moja ya tano, zaidi ya hapo marabi walikataza usije ukaishia kuomba na wewe. Ukipata laki sita basi elfu sitini usiihesabu kama yako. Tunaita tzedaka, mzizi mmoja na sadaka, ila kwetu maana yake ni haki kabisa.

Sasa foleni. Shulchan Aruch, sheria alizozipanga Yosef Karo karne ya 16, inaanza na ndugu, halafu maskini wa mji wako, ndo uende mji mwingine. Kwahiyo shangazi anatangulia, na usidhani hiyo ni mambo ya familia tu, hiyo ndo tzedaka yenyewe, ila usimmalizie yote. Na jirani asiye Myahudi je? Talmud, kitabu cha zamani cha mijadala ya marabi kuhusu sheria, inasema maskini wao tuwasaidie pamoja na wa kwetu kwa ajili ya amani, na mimi mtaa mzima majirani zangu ndo hao.

Mwenye njaa haingii foleni jamani. Akiomba chakula humchunguzi, unampa. Juzi soko la Kilombero hapa mjini dogo kanishika shati, nikampeleka kwa mama ntilie, chapati kaikunja mara nne kaiweka mfukoni, maharage kayala amesimama, nikaelewa chapati ina mwenyewe nyumbani.

Vituo ndo chunguza sana. Rambam, rabi mkubwa wa sheria wa karne ya 12, anasema usitie hela kwenye mfuko wa maskini mpaka ujue msimamizi ni mwaminifu na anajua kuuendesha, na zamani kukusanya walikuwa wawili, kugawa watatu. Kwahiyo uliza nani anasaini benki, nenda ukaone daftari. Kituo kimoja walinizungusha wiki tatu nikaacha.

Rambam huyohuyo ana ngazi nane za kutoa na ya juu kabisa ni kumwezesha mtu asiombe tena, kwa kazi, mkopo au ubia. Mimi fungu kubwa linaenda huko. Mama mmoja jirani anauza ndizi Sakina, nilimkopesha elfu themanini bila riba, analeta elfu tano tano kila Ijumaa asubuhi kabla sijabandika chakula cha Sabato.