Magofu ya ngome ya Takeda: amua kwanza unasimama mlima gani

Zile picha za ngome inayoelea juu ya mawingu kule Japani ni za Takeda, mji wa Asago mkoani Hyogo. Shida ni kwamba watu wanapanda mpaka kwenye magofu yenyewe halafu wanauliza mbona ngome haielei, sasa we si umesimama juu yake, utaionaje? Picha zinapigwa mlima wa ng'ambo, panaitwa Ritsuunkyo. Ukitaka picha nenda huko kabla jua halijatoka, magofu panda baadae ukungu (ndo hayo mawingu ya kwenye picha) ukishaondoka.

Na ukungu wenyewe hauji kila siku. Mto Maruyama unapita pale bondeni, mchana ukiwa na joto halafu usiku ukawa wa baridi kali, anga halina mawingu na upepo hakuna, basi asubuhi bonde lote linajaa. Oktoba na Novemba ndo zake, na ikifika kama saa mbili asubuhi unaanza kuyeyuka. Kwa hiyo lala hukohuko Takeda au Wadayama pale jirani, maana ukisema utoke mji wa Himeji na treni ya asubuhi utakuta jua limeshapanda.

Kufika: Himeji panda treni ya JR (shirika la reli la Japani) laini ya Bantan, unabadilisha Teramae, unashuka stesheni ya Takeda. Treni ni chache kwahiyo angalia ratiba hata ya kurudi. Nyuma ya stesheni kuna njia ya kupanda kwa miguu, kama dakika 40 hivi na ina mwinuko wa kukutoa jasho, kama magoti yanasumbua kuna basi linalokupunguzia sehemu kubwa. Choo malizana nacho huku chini, juu hakuna. Januari na Februari usiende kichwa kichwa, huwa wanafunga.

Juu usitegemee jengo, ni mawe tu. Ngome iliachwa mwaka 1600, bwana wake wa mwisho Akamatsu Hirohide alijiua baada ya vita vya Sekigahara. Lakini hizo kuta jamani! Zina urefu wa kama mita 400 kaskazini kusini, mawe hayajachongwa wala hayana saruji, yamepangwa tu yakashikana, ndo maana wameweka kamba na wewe usiziruke. Anayetaka ghorofa na mapaa akaone ngome ya Himeji mchana, ipo njia hiyohiyo ya kurudi.