Kumpima mbwa joto bila kung'atwa

Mbwa wangu anaitwa Bosi, analinda dagaa zangu zikiwa chanjani huku Igombe, Mwanza. Siku moja alikataa ugali wa supu ya sangara, na Bosi kukataa supu ya sangara ni kama mlevi kukataa ofa. Jirani akamgusa pua: mbichi, ya baridi. "Mzima huyo, amedeka tu." Kipimajoto kilipolia kikaonyesha 40.6. Tangu hapo pua siiulizi kitu.

Nunua kipimajoto cha betri, kile kinacholia pii, chenye ncha laini inayopinda. Cha kioo chenye zebaki achana nacho. Mbwa akijirusha kinaweza kumvunjikia ndani. Ukifika nyumbani kiandike MBWA kwa kalamu ya wino mzito. Changu sikukiandika, nikamkuta bibi anakipeleka kwapani mwa mjukuu. Uwe pia na mafuta ya mgando, pamba, spiriti na mtu wa pili ambaye mbwa anamwamini.

Usimpime akitoka kukimbia au kulala juani. Mawe ya huku saa nane mchana yanawaka, na joto lake litapanda bila ugonjwa wowote. Mpumzishe kivulini nusu saa.

Kwetu anayeshika ni Mama Neema. Anachuchumaa ubavuni, mkono mmoja anauzungushia shingo na kukivuta kichwa kifuani kwake, mwingine anaupitisha chini ya tumbo ili Bosi asikae. Mbwa msumbufu tunamfunga mdomo kwa ukanda wa kanga: kitanzi juu ya pua, unapishanisha chini ya taya, fundo nyuma ya masikio. Anayetapika au kuhema kwa shida usimfunge. Na kama mbwa amebadilika ghafla, anadondosha mate, anang'ata hata mti, weka kipimajoto chini. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Jitenge naye, mwite afisa mifugo.

Sasa kazi yenyewe. Washa kipimajoto, paka mafuta kwenye ncha. Shika mkia karibu na shina lake, uinue taratibu bila kuuvuta. Gusisha ncha kwenye tundu la haja kubwa, kisha subiri. Hapa wengi wanakosea kwa haraka. Bosi hukaza kwanza, halafu anashusha pumzi, na hapo ndipo panalegea. Ingiza ukizungusha polepole, kipimajoto kikiwa sambamba na mgongo, sentimita 2 hadi 3. Kwa mbwa mdogo sana, 1 inatosha. Kikigoma usisukume, rudisha kidogo ujaribu upya. Kiganja chako kiegemee tako lake, ili akisogea kipimajoto kisogee naye. Kiegemeze kidogo pembeni kiguse ukuta wa ndani, maana kikizama kwenye kinyesi kitakudanganya kwa kusoma chini. Kikilia, toa, soma, futa kwa pamba yenye spiriti.

Mbwa mwenye afya husoma kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Mtu mwenye 38.5 angeshapelekwa kupima malaria. Mbwa yuko sawa kabisa. Ikizidi 39.5, rudia baada ya saa moja. Ikifika 40 mpigie daktari wa mifugo, na 41 usisubiri kupambazuke. Chini ya 37.2 nako ni hatari, ila jike mwenye mimba hushuka chini ya 37.8 takribani siku moja kabla ya kuzaa.

Usimpe Panado wala diklofenaki, vidonge vyetu vinaweza kumuua. Kama joto ni la jua, mmwagie maji ya kawaida, si ya barafu, umpepee, uache akifika 39.4, kisha umpeleke kwa daktari hata kama amechangamka. Maji yawe ya bomba. Ukiingia naye ziwani kichocho utakipata wewe.

Bosi alikuwa na kupe nyuma ya masikio na ufizi uliopauka. Daktari akatoa damu, akaiangalia kwenye darubini, akamchoma sindano. Siku ya tatu Bosi akasoma 38.9 na sufuria akairamba hadi ikang'aa. Ila siku hizi akiiona ile kanga ya bluu tu, anaingia chini ya mtumbwi.