SOMO: Sili, pomboo au nyangumi? Kutofautisha wanyama wa pwani ya Namibia

Kila mara mtu anabandika picha ya kitu cheusi majini na kuuliza "huyu nani?" Nimechoka. Someni hapa.

1. Toka asubuhi. Mchana upepo huchafua bahari.

2. Beba darubini na koti. Mkondo wa Benguela, maji ya bahari yanayopita pwani hii, ni baridi, jangwa lisikudanganye.

3. Tafuta ndege wanaopiga mbizi. Upepo husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, ya chini yenye rutuba yakapanda, samaki wakajaa. Walaji wengine wako hapohapo.

4. Pezi. Hapa ndipo wengi hupotea. Sili hujilaza juu ya maji na kuinua vikono hewani ili kurekebisha joto la mwili. Kwa mbali utaapa ni pomboo. Subiri. Pezi la pomboo huibuka, husonga mbele, huzama. Kikono cha sili hubaki palepale kikiyumba. Pezi la pembetatu, mnyama hafiki mita mbili: pomboo wa Heaviside, asiyepatikana popote nje ya pwani hii ya kusini-magharibi mwa Afrika. Pezi lililopinda kwa nyuma kama mundu, mwili mkubwa zaidi: pomboo wa pua-chupa. ONYO: picha moja haitoshi. ONYO tena: usimsogelee mnyama na boti ili "uhakikishe".

5. Nyangumi: mvuke wenye umbo la V na mgongo usio na pezi ni Eubalaena australis (kwa Kiingereza southern right whale). Vikono virefu mno, pezi dogo juu ya nundu: nyangumi wa nundu.

MASWALI

Kibe: Mkuu, nimeona kitu cheusi Walvis Bay, ni nini?
— Hatua ya 4.
Kibe: Nimesoma. Sikumbuki kama kilisogea.
— Basi na mimi sijui.

Mama Tatu: Kwa nini Heaviside wanakaribia ufuko asubuhi?
— Swali zuri, dada. Usiku huwinda heki (aina ya samaki) wachanga wanaopanda kutoka kilindini. Asubuhi huja ufukweni kupumzika na kucheza, alasiri hurudi nje. Kwa hiyo hatua ya 1 si ya upepo tu.

Nahodha Mdogo: Wale wanyama wanaojazana ufukweni Cape Cross je?
— Hao ni sili-manyoya, wana masikio ya nje. Novemba na Desemba huzaa. Usipige kelele wala kukimbia. Wakubwa wakishtuka hukimbilia majini na kuwakanyaga watoto.

Kibe: Na harufu?
— Simama upande upepo unakotoka. Barakoa haitakusaidia.