Rezista imeungua na dukani hawana wati zile zile, ufanyeje

Mafundi wenzangu wa Majengo, Sabasaba mpaka Kibaigwa huko Dodoma, hii inatukuta sana, rezista (kile kipande kinachobana umeme) ya wati moja imekuwa mkaa, unazunguka madukani unakuta robo wati na nusu wati tu, na mteja anataka sabufa yake leo.

Omu, yaani kiasi inachobana umeme, weka zile zile. Wati unaweza kupanda ila usishuke, maana wati ni joto ambalo rezista inaweza kulibeba, haibadilishi umeme unaopita. Pa nusu wati weka wati moja, ila inyanyue kidogo juu ya bodi hewa ipite, hasa huku kwetu mwezi wa 11, ndani ya sabufa iliyojaa vumbi kunachemka kweli.

Kama hujui wati, piga hesabu. Mfano volti 24 zinashushwa kuwa 12 kwa zena (diodi inayoshikilia volti zisizidi), rezista ni omu 390. Juu yake zimebaki volti 12, sasa 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 390, unapata kama wati 0.37. Robo wati itaungua, nusu wati itavumilia ila itakuwa ya moto muda wote, mimi hapo naweka wati moja.

Huna? Unga nusu wati mbili kwa kufuatana, 180 na 220, unapata 400, inatosha kabisa na joto zinagawana karibu sawa. Ukiunga 330 na 68 ile 330 ndo itabeba joto karibu lote.

Sasa hapa naomba mnisikilize, rezista ya fyuzi, ile inayokaa mlangoni mwa umeme wa volti 230 kwenye chaja na pawasaplai, mara nyingi bodi imeandikwa FR au RF, hiyo USIIPANDISHE wati. Imewekwa ili ikatike transista ikipiga shoti, ukiweka ya wati 5 haikatiki, bodi inashika moto na watu wamelala ndani. Tafuta ya fyuzi yenye omu na wati zile zile hata kama mteja atasubiri mzigo wa kesho toka Kariakoo.

Na rezista haiungui bure. Toa chaji kwenye kapasita kubwa kwanza, inaweza kubaki na volti 300 na kitu hata ukichomoa plagi, halafu pima zena, transista na kapasita zilizo mbele yake ndo ulehemu. Kuwasha, pitishia umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60 uliyoiunga kwa kufuatana na laini, ikiwaka kali na haififii zima haraka, shoti bado ipo.