Imani kwenye meza ya kuchorea: kwa msanifu majengo kijana anayemcha Mungu

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nifanyeje ili usanifu wangu umtumikie Mungu, na wengi wao wanangoja siku watakapopewa kanisa la kuchora. Mimi katika miaka 22 nimechora makanisa mawili tu. Imani yangu haikupimwa sana huko. Ilipimwa kwenye ngazi, kwenye vyoo na kwenye vyeti vya malipo, yaani karatasi tunazotia saini ili mkandarasi alipwe kwa kazi iliyofanyika, na ndiyo maana nitakueleza hayo kwanza.

Anza na Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, zungushia dari ukuta, mtu asije akaanguka damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Dari za wakati ule zilikuwa bapa na watu waliishi juu yake: Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, Petro alipanda darini kuomba. Angalia mzigo umewekwa juu ya nani. Sheria haimkemei aliyepanda kwa uzembe, inamwendea anayejenga. Kwangu mimi huo ndio mstari wa kwanza wa taaluma yetu.

Utaufanyaje? Kabla ramani haijatoka ofisini, tenga jioni nzima uipitie kwa swali moja tu: nani anaweza kuumia hapa? Ukingo wa roshani ukiwa na vyuma vya kulala, mtoto ataufanya ngazi, kwa hiyo visimamishe, na nafasi kati yake isizidi milimita 100. Vipandio vya ngazi viwe na kimo kimoja kuanzia chini hadi juu. Mguu hukariri kimo baada ya hatua mbili tatu, na kipandio kimoja kikizidi kwa sentimita mbili, mzee ataanguka hapohapo, huku kila anayepita akidhani ni uzee. Mlango wa dharura ufunguke kuelekea nje. Nikimaliza zoezi hilo huwa naomba kwa kifupi, nikiwataja mbele za Mungu watu watakaopita pale. Nimeona kwamba ni vigumu kumwombea mtu kisha ukamwachia ukingo mfupi.

Jambo la pili nilifundishwa na mwanamke mmoja mwenye ndoo. Nilikuwa nimechora jengo la ofisi la ghorofa nne, na ukumbi wake wa mapokezi niliuchora kwa vipimo vitatu tofauti, hadi maungio ya marumaru. Mwaka mmoja baada ya kufunguliwa nikarudi kulitazama. Kwenye ngazi nikamkuta msafishaji anashuka na ndoo, ameinama upande mmoja kwa uzito, maji yanamchirizikia miguuni.

"Wewe ndiye uliyechora hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa baba, maji machafu ulitaka tuyamwage wapi?"

Sikuwa na jibu. Juu ya ghorofa ya chini hapakuwa na bomba wala sinki ya usafi hata moja. Nilihubiri upendo kwa jirani mara nyingi, na huyu jirani hakuwamo kabisa kwenye karatasi zangu. Tangu siku ile, pembeni mwa mchoro wa kwanza wa kila kazi naandika kwa penseli majina ya wale ambao hawataitwa kwenye kikao cha mteja: msafishaji, mlinzi wa usiku, mama mwenye mtoto mchanga, mtu wa kiti cha magurudumu, fundi atakayekuja kuziba bomba linalovuja. Kisha naweka kidole kwenye mlango wa kuingilia na kumfuata kila mmoja mpaka anapokwenda. Wapi atakaa? Wapi atajisaidia? Ataweka wapi mzigo wake?

Fanya hivyo mapema. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu kwa kawaida huhesabiwa 1 kwa 12, maana yake sakafu iliyoinuka sentimita 45 inadai mita 5.4 za mteremko, na bado hujaweka sehemu za kugeuzia. Ukikumbuka baada ya nguzo kupangwa, nafasi hiyo haipo tena, na yule mtu atapelekwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Nimeona hilo kwenye majengo mengi mazuri na linaniuma kila mara.

Sasa fedha. Yeremia 22:13 na 14 inamwonya mfalme Yehoyakimu kwa kujenga nyumba yake bila haki, akiwatumikisha watu bila ujira, na nabii anataja hata madirisha, mierezi na rangi nyekundu. Nikisoma pale naona mteja na ramani yake. Sisi wasanifu hatuwalipi mafundi, lakini cheti cha malipo kinapita mkononi mwetu, na kikilala mezani wiki mbili kwa sababu tuko na shughuli nyingine, anayekosa kwanza ni mchanganya zege. Basi panga siku maalumu ya mwezi ya kupima kazi na usiihamishe. Nenda saiti mwenyewe, na uidhinishe ulichokiona, si ulichosimuliwa.

Nasema hivi kwa maumivu. Niliwahi kutia saini ya nondo ambazo sikuziona. Mkandarasi alikuwa ndugu katika imani, tuliomba pamoja, nikaona kumkagua ni kumdharau. Zege likamwagwa. Usiku sikulala, na asubuhi nilimweleza mteja yote, nikamwomba mhandisi wa miundo apime. Sehemu ya sakafu ilivunjwa ikamwagwa upya, na fungu langu la gharama nikalitoa kwenye ada yangu. Kwa hiyo nakusihi: mkague ndugu yako kama unavyomkagua mgeni. Huo ndio upendo, kwa kuwa kesho watu watalala juu ya kazi yake.

Kuhusu wauza vifaa, sina maneno mengi. Watakuletea asilimia fulani ili uandike vigae vyao kwenye ramani. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha wenye kuona, na msanifu aliyepofuka ni hatari. Andika kwenye mkataba wako na mteja kwamba punguzo lolote ni lake, kisha umwonyeshe muuzaji kipengele hicho. Ubishi huisha haraka.

Ukikosea, sema. Hapa kuna kisa ninachowapa vijana wote ofisini kwangu. Jengo la Citicorp mjini New York, la ghorofa 59, lilikamilika 1977. Kanisa la Kilutheri la St. Peter's lilikuwa na nafasi yake kwenye pembe ya kiwanja, kwa hiyo nguzo kubwa zikawekwa katikati ya kila upande badala ya pembeni. Mwaka 1978 mhandisi wake, William LeMessurier, akagundua kwamba upepo unaopiga jengo kimshazari ulileta nguvu kubwa kuliko ilivyodhaniwa, huku viungo vikiwa vimefungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Angeweza kunyamaza. Akawaendea wenye jengo akaungama, na mafundi wakachomelea viungo usiku baada ya usiku. Namheshimu kwa hilo. Lakini umma haukujua mpaka 1995, na hapo moyo wangu unakataa: waliofanya kazi ndani na walioishi jirani walikuwa na haki ya kujua. Kuungama kwa mwenye fedha ni nusu ya safari.

Uliza pia kiwanja kimepatikanaje. Kabla hujachora mstari, omba hati, kisha nenda ukatembee pale na kuongea na watu utakaowakuta. Kama kuna familia inaondolewa bila fidia, hilo ni shamba la Nabothi, aliyeuawa ili mfalme Ahabu alichukue, na ramani yako itakuwa barua ya Yezebeli iliyopanga kifo hicho. Nimekataa kazi mbili kwa sababu hiyo. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu nyumbani, sitakudanganya.

Na siku kanisa litakapokuja? Andika mkataba. Kamati itakuambia ni kazi ya Mungu, na ni kweli, lakini maneno hayohayo hutumika kuchelewesha malipo na kubadilisha ramani mara saba. Amua mapema: ama unatoa bure, uandike kwamba ni sadaka na useme sadaka hiyo inaishia wapi, ama unalipwa kama kawaida. Huduma nusunusu huzaa kinyongo. Kisha waambie ukweli wa gharama kabla hawajachimba msingi, kama Luka 14:28 inavyomtaka mwenye mnara akae kwanza ahesabu. Kuta zilizosimama miaka bila paa zinawafedhehesha waumini kuliko ukumbi mdogo uliokamilika.

Wafundishe walio chini yako. Bezaleli, fundi wa hema la Musa jangwani, alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, na Kutoka 35:34 inaongeza kwamba alitiwa moyoni kufundisha, yeye na Oholiabu. Kijana anayejifunza kwako umlipe, na umpeleke saiti badala ya kumfungia kwenye kompyuta akikuchorea vyoo mpaka usiku wa manane.

Mwisho, weka kwenye kalenda tarehe ya kurudi kila jengo lako mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa. Usiende na mteja wala na mpiga picha. Nenda asubuhi na mapema, wakati wenye ndoo wako kazini, uwasalimu, kisha uwaulize kinachowasumbua. Beba daftari.