Jinsi ya Kuomba Ridhaa ya Mgonjwa Katika Utafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari anayesomea ubingwa, muuguzi au mtafiti msaidizi ambaye andiko lake la utafiti limekwisha kupita kwenye kamati ya maadili, na sasa anatakiwa kuketi mbele ya mgonjwa na kumwomba ashiriki. Mifano mingi ni ya Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Hospitali ya Taifa Muhimbili viko pamoja Upanga, Dar es Salaam, na mtu mmoja huweza kuwa mwalimu, tabibu na mtafiti katika siku hiyohiyo. Mazingira ya namna hiyo ndiyo yanayoifanya ridhaa kuwa kazi ngumu katika hospitali ya chuo kuliko katika utafiti wa kwenda nyumba kwa nyumba, kwa sababu mgonjwa aliyelazwa haoni kwa urahisi tofauti kati ya anayemtibu na anayemchunguza. Hatua zote zilizoelezwa hapa zina lengo moja, nalo ni mgonjwa aweze kukataa bila kuogopa kwamba matibabu yake yatabadilika.

Kabla ya kuingia wodini

Hakikisha vibali vyote vimekamilika na viko hai. Utafiti wa mwanafunzi huanzia kwenye kamati ya maadili ya chuo, kisha uongozi wa hospitali hutoa ruhusa yake. Utafiti ulio chini ya kamati ya taifa hupita pia kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, majaribio ya dawa huhitaji idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mtafiti wa kigeni huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kwa wenzetu wa Kenya, kamati ya pamoja ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi hufanya kazi ya kwanza, na leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya nchi hiyo. Kibali cha maadili kwa kawaida ni cha mwaka mmoja, kwa hiyo andika tarehe ya kuisha kwake mahali unapoiona kila siku, kwani ridhaa iliyochukuliwa baada ya tarehe hiyo haihesabiki hata kama mgonjwa alikubali kwa moyo mweupe.

Chukua toleo la fomu ya ridhaa lililopigwa muhuri na kamati, wala usichukue lile lililobaki kwenye kompyuta yako kabla ya marekebisho. Lisome kwa sauti mbele ya mtu asiye wa fani ya afya, ukiangalia ni wapi anakunja uso. Fomu nyingi za Kiswahili huandikwa kwanza kwa Kiingereza na kugeuzwa baadaye, nazo hubeba sentensi ndefu ambazo hata aliyeziandika hawezi kuzitamka kwa pumzi moja. Ukikuta sentensi ya aina hiyo, peleka marekebisho kwenye kamati mapema, badala ya kuitafsiri upya kichwani kila unapokutana na mgonjwa, maana kwa njia hiyo kila mshiriki atasikia maelezo yake tofauti.

Nani aombe, wapi na lini

Azimio la Helsinki, yaani tamko la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti, lililopitishwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, karibuni kabisa mwaka 2024, linaagiza kwamba mgonjwa anayemtegemea daktari wake aombwe ridhaa na mtu mwingine mwenye ujuzi, asiyehusika na utegemezi huo. Katika wodi zetu agizo hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa aliyemwona daktari asubuhi akiamua nani aende chumba cha upasuaji na nani asubiri hawezi kumkatalia daktari huyohuyo mchana. Mpe kazi hiyo muuguzi wa utafiti au mwenzako asiyemhudumia mgonjwa huyo, naye aanze kwa kujitambulisha kwamba hayumo katika timu ya matibabu.

Chagua mahali ambapo mgonjwa wa kitanda cha jirani hatasikia. Ofisi ya sista wa zamu, ikiombwa kwa heshima, hutosha. Usiombe ridhaa wakati wa mzunguko wa madaktari, wala mgonjwa akiwa tayari kwenye machela ya kwenda upasuaji, wala mama akiwa katikati ya uchungu wa kujifungua. Ikiwa utafiti wako unahusu uzazi, maelezo yatolewe kliniki ya wajawazito, wiki kadhaa kabla, ili mama akifika leba akumbushwe tu jambo alilokwisha kulifikiri. Kwa wagonjwa waliolazwa, mpe mtu karatasi leo na urudi kesho baada ya saa za kuona wagonjwa, kwa sababu wengi hawataamua kabla ya kuzungumza na ndugu zao.

Hapa pana jambo linalotaka uangalifu. Mwanamke akisema anataka kwanza kuongea na mume wake, mpe muda na usimwone kuwa anakwepa. Hata hivyo, ruhusa ya mume haichukui nafasi ya ridhaa yake. Mume akija na kusema, “Mwandikeni tu, mimi nimekubali,” mshukuru, kisha rudi kwa mama mwenyewe na umuulize akiwa peke yake.

Mazungumzo yenyewe

Anza na salamu kamili, shikamoo kwa aliyekuzidi umri, na umuulize mgonjwa hali yake kabla ya kutoa karatasi yoyote. Baada ya hapo mwambie mapema kwamba unachokuja kuomba si sehemu ya matibabu yake. Maneno haya yanafaa: “Mama, nimekuja kwa ajili ya utafiti. Utafiti si matibabu. Ukikubali utatibiwa, na ukikataa utatibiwa vilevile, na hakuna atakayekukasirikia.” Sentensi hizi zitangulie mada ya utafiti, kwa kuwa mgonjwa akishaingiwa na dhana kwamba analetewa dawa mpya, kuiondoa dhana hiyo ni kazi kubwa.

Eleza kwa mpangilio: swali mnalolitafutia jibu, kitakachofanyika mwilini mwake, muda utakaotumika, madhara yanayoweza kutokea, faida iwapo ipo, na matibabu atakayopata asiposhiriki. Kama hakuna faida kwake binafsi, sema hivyo waziwazi. Nimewasikia watafiti wakisema “utasaidia kizazi kijacho” kwa sauti inayomfanya mgonjwa aone kukataa ni uchoyo, na huko ni kumshinikiza.

Katika majaribio yanayogawa washiriki kwa bahati, jambo hilo ndilo linaloeleweka kwa shida zaidi, hivyo lipe muda. Unaweza kusema: “Wataalamu bado hawajui kati ya dawa hizi mbili ipi ni bora. Kompyuta ndiyo itakayopanga nani apate ipi, kama mtu anavyorusha shilingi juu. Mimi sichagui, na daktari wako hachagui.” Ikiwa kundi moja litapewa kidonge kisicho na dawa, kiite hivyo, kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake, na ueleze kwa nini kinahitajika. Kukiita dawa ya uongo humfanya mtu ahisi kwamba anadanganywa, na kukinyamazia ni kumdanganya kweli.

Kuhusu damu, taja kiasi kwa kipimo anachokijua: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mwonyeshe chupa ndogo yenyewe, mwambie itapelekwa maabara gani na itapimwa nini. Hofu ya mumiani, yaani watu wanaodhaniwa kunyonya au kuiba damu za wengine, katika Pwani ya Afrika Mashariki ni ya tangu enzi za ukoloni, na bado watu huuliza kwa sauti ya chini kama damu yao itauzwa. Usicheke wala usikasirike. Anayeuliza hivyo anauliza swali halali kuhusu nani anamiliki kilichotoka mwilini mwake, na anastahili jibu lenye maelezo.

Utakutana mara nyingi na mgonjwa anayekusikiliza kwa utulivu kisha anasema, “Daktari, wewe ndiye unayejua.” Kwa mtazamo wa fomu huyo amekubali, na kalamu iko karibu, lakini amekukabidhi uamuzi wake badala ya kuufanya. Mjibu kwa upole: “Kwenye matibabu, daktari wako anakushauri. Kwenye utafiti huu hakuna anayejua zaidi yako kama unataka kuingia au hutaki.” Kisha nyamaza na umwachie nafasi. Baadhi ya wagonjwa huanza kuuliza maswali yao ya kweli hapo, mara nyingi kuhusu nauli, kazi zilizoachwa nyumbani, au nani mwingine atakayeliona faili lake.

Kabla ya saini, pima uelewa. Usiulize “Umeelewa?”, kwani jibu lake siku zote ni ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe tutafanya nini, kitu gani kinaweza kumdhuru, na nini kitatokea akitaka kuacha katikati. Akishindwa swali mojawapo, rudia sehemu hiyo tu. Akishindwa tena, mwache kwa siku hiyo.

Nauli na fidia ya muda zitajwe kwa kiasi kilekile kilichoidhinishwa na kamati, na mshiriki aelezwe kwamba akijitoa njiani atalipwa kwa mahudhurio aliyokwisha kufanya.

Asiyejua kusoma, mtoto, na mgonjwa wa dharura

Mgonjwa asiyejua kusoma asomewe fomu yote mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, na shahidi huyo akae tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kumwita mhudumu anayepita koridoni aje kutia saini mwishoni ni kughushi, hata kama jambo hilo limezoeleka. Mgonjwa aweke alama ya dole gumba, na shahidi aandike jina lake, saini na tarehe kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi hutoa ridhaa, na kamati nyingi hutaka mtoto mwenye miaka 7 au zaidi aulizwe naye. Kuuliza huko kuwe kwa kweli: mtoto akisema hataki kuchomwa sindano ya utafiti, asichomwe, hata kama baba amekwisha kutia saini. Katika tafiti za muda mrefu ridhaa huhitaji kufanywa upya. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, tangu mwaka 2004, na mtoto aliyeandikishwa mwaka huo katika utafiti wa aina hiyo akiwa na miaka 3 alitimiza 18 mwaka 2019. Kuanzia siku hiyo saini ya mama yake haimsemei tena, na mtafiti anapaswa kumtafuta na kumuuliza mwenyewe.

Dharura ina utaratibu wake. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliofika hospitalini wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kushindwa, ulikuta wazazi wengi hawana muda wala utulivu wa kusoma karatasi. Kamati za maadili ziliruhusu mzazi akubali kwanza kwa mdomo, kisha ridhaa ya maandishi ifuate mapema iwezekanavyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kuwapa watoto hao maji mengi ya mshipani kwa haraka, jambo lililoaminika kuwa linaokoa, kuliongeza vifo: ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Natoa mfano huu kwa sababu mbili. Unaonyesha kwamba mgonjwa wa dharura asiachwe nje ya utafiti kwa kisingizio cha ugumu wa karatasi, na unaonyesha kwa nini hupaswi kumwahidi mzazi kwamba kundi fulani ndilo lenye bahati. Ridhaa ya kuchelewa, hata hivyo, haitumiki pasipo kuandikwa kwenye andiko na kuidhinishwa, na daktari wa zamu hawezi kujiamulia usiku wa manane.

Sampuli, karatasi na siku zinazofuata

Kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadaye, na kuzipeleka nje ya nchi, kuwe na visanduku vyake vya ndiyo na hapana, tofauti na saini ya kushiriki. Mtu anaweza kukubali kupimwa leo na akakataa damu yake kusafiri. Sampuli zinazotoka nje ya Tanzania huhitaji pia mkataba maalumu wa uhamishaji, nao ukamilike kabla mgonjwa wa kwanza hajachomwa.

Mshiriki apewe nakala yake ya fomu. Katika tafiti za VVU, afya ya akili au ukatili wa nyumbani, muulize kwanza kama ni salama kwake kwenda nayo nyumbani, kwa kuwa karatasi yenye kichwa cha habari kinachojieleza huweza kusomwa na mtu asiyestahili kuiona. Akipenda, itunzwe kliniki, na uamuzi huo uandikwe. Fomu zenye majina zikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na dodoso zenye namba tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo kupiga picha ya faili na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la timu ni kosa, si uzembe mdogo wa kikazi.

Wanaokataa waandikwe kwa idadi, na sababu iandikwe iwapo tu wameitaja wenyewe. Idadi hiyo ikiwa sifuri baada ya wagonjwa wengi, usifurahi. Kaa karibu na anayeomba ridhaa na usikilize anavyoomba.

Mwishoni mwa fomu huwa kuna namba mbili za simu, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Zipige wewe mwenyewe kabla ya kuanza kuandikisha, kisha uzipige tena kila mwezi. Hakikisha ya mtafiti inapokelewa na mtu anayeujua utafiti, anayeweza kumjibu mshiriki kwa Kiswahili, na aliyeelekezwa la kufanya iwapo mshiriki atasema ana homa au anataka kujitoa.