Magoti yangu na ngazi za Mji wa Kale

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kila kiungo kikiuma jina ni moja: baridi yabisi. Nikavaa soksi, nikasuguliwa mafuta ya karafuu, na goti likazidi kukwaruza kama bawaba kavu. Daktari ndiye aliyenieleza kuwa gegedu imelika, ile laini nyeupe unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili kushambulia viungo, na asubuhi hukaza hata saa nzima. Langu huachia kabla chai haijachemka.

Nikaanza kwa kuitoa mbuzi jikoni. Miaka thelathini nimekuna nazi magoti yamekunjwa karibu na kifua! Sasa anakuna mjukuu, mimi nakamua tui kitini. Swala pia naswali kitini.

Lakini usilale kitandani ukingoja lipoe. Keti kwenye kiti kirefu, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, kaza paja, hesabu hadi tano, teremsha polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likiwa na nguvu humpokea goti mzigo wake. Kuuma kidogo mwanzoni si neno. Likiamka kesho yake linauma kuliko jana, punguza hesabu, usiache. Mimi niliona nafuu mwezi wa pili.

Ngazi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mbovu. Bakora ishike mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Mimi niliishika kinyume mwaka mzima, hadi kijana wa mazoezi ya viungo akanicheka. Na mteremko wa feri ya Likoni usikimbizane na watu, itakuja nyingine.

Kila kilo unayopungua, goti hupunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Nimebakiza mahamri mawili. Inauma kuliko goti.

Ya kupaka, jeli ya diklofenaki inanitosha. Vidonge vyake huchokoza tumbo, figo na presha, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Vile vya kwenye karatasi visivyo na jina nilivinunua mara moja. Maumivu yalikwisha kwa siku mbili, kisha uso ukafura na sukari ikapanda. Dawa za namna hiyo hukutwa zimetiwa steroidi, dawa kali ya uvimbe inayofurisha uso na kupandisha sukari.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa juu yake, hilo si la kupaka jeli. Ita tuktuk uende hospitali siku hiyo hiyo.